Je, Wajua? Ferrari na Mazembe Waliwahi Kuvaa Jina Moja

Sogea kidogo, ndugu yangu, benchi hili linatosha watu watatu. Leo ni zamu ya gari la spoti: lile dogo, la chini, lenye sauti ya kukwaruza koo, linalopelekwa uwanjani kuzunguka na kuzunguka hadi pinyo zinuke. Unadhani hayo ni mambo ya Ulaya na Japani tu, sisi wa Lubumbashi ni watazamaji? Subiri.

Je, wajua kwamba TP Mazembe na Ferrari waliwahi kubeba jina moja? Timu yetu ilizaliwa mwaka 1939 ikiitwa Saint-Georges, na baadaye ikaja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza pinyo. Sasa jishikilie: pinyo za Englebert ndizo zilizokuwa chini ya Ferrari ya Juan Manuel Fangio alipotwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1956!

Kuna zaidi. Englebert ilishinda Grand Prix 8 za ubingwa wa dunia, ya kwanza Monaco mwaka 1955, ya mwisho Uingereza mwaka 1958. Kiwanda kikaachana na mbio, jina likaendelea kukimbia hapa kwetu: Englebert wakachukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967, wakarudia mwaka 1968. Nitajie pinyo nyingine duniani yenye Grand Prix 8 na makombe 2 ya Afrika. Nakusubiri.

Na kwa kuwa tumeshaanza na pinyo (ndugu zetu wa Dar es Salaam wao husema tairi), tusiziache kwanza. Chukua karatasi moja ya A4, iweke chini. Kwa gari la kilo 1,200 lenye upepo wa ba 2, sehemu ya pinyo zote nne inayogusa ardhi haiijazi karatasi hiyo! Kila pinyo imepewa eneo la mkono wako ulioukunjua, basi. Mwendo wote, breki zote, kona zote zinaning'inia kwenye mikono minne.

Barabarani, tairi kipara inakuletea maneno na polisi. Uwanjani, siku ya jua kali, kipara ndicho mfalme. Pinyo ya mashindano haina hata mfereji mmoja, maana kila mfereji ni mpira uliokosekana chini. Formula 1 walianza kuvaa vipara mwaka 1971. Mwaka 1998 wakalazimishwa kuchora mifereji ili mwendo upungue, na mwaka 2009 vipara vikarudi kwa shangwe.

Lakini mvua ikinyesha! Mvua ya Januari ya Lubumbashi unaijua. Pinyo ya mvua ya Formula 1, gari likiwa kilomita 300 kwa saa, hutupa pembeni lita 85 za maji kila sekunde. Hesabu bidoni zako za manjano za lita 20: nne zimejaa, ya tano imeanza. Kwa sekunde moja. Kwa pinyo moja!

Upepo nao una vituko vyake. Kila pinyo inapopata moto kwa digrii 10, upepo ndani hupanda kwa kama ba 0.1. Mizunguko michache ya uwanjani huitoa kwenye digrii 20 na kuipeleka 80, na hapo umeongezewa ba 0.6 bila pampu na bila kulipa senti. Ndiyo maana wazoefu hutoa upepo kidogo kabla ya kuingia, na wakitoka tu, kabla hata ya kuvua kofia, wanainama na kipimo. Wewe uliyejaza alfajiri ya Juni, baridi iko chini ya digrii 10, ukafurahi kwamba kazi imekwisha, mchana unaendesha maputo manne.

Umewahi kuambiwa ulipe ziada ili uwekewe naitrojeni? Hewa hii ya bure tunayovuta hapa benchini ni naitrojeni asilimia 78. Timu za mbio huipenda kwa ukavu wake, kwa sababu mvuke wa maji huvuruga upepo pinyo ikichemka. Kwa teksi yako, ndugu yangu, nunua bukari.

Na ile risasi ndogo ya gramu 30 ambayo fundi huibandika kwenye rimu kusawazisha gurudumu, unaidharau? Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, rimu ya inchi 16 ikizunguka, kipande hicho huvuta nje kwa nguvu ya kama kilo 20. Kikidondoka, ni kana kwamba mtu ameshika gurudumu lako na kulitikisa mara 29 kila sekunde. Usukani utakusimulia!

Hili moja silisemi kwa kucheka, nalipitia haraka. John Boyd Dunlop alipata hataza ya pinyo ya upepo mwaka 1888. Dunia ikaingiwa na kiu ya mpira, na sehemu ya kiu hiyo ikashukia misitu ya Kongo ya Leopold wa Pili, ambako watu walikatwa mikono kwa sababu ya vikapu vya mpira visivyojaa. Miaka mingi kabla ya Fangio na Ferrari yake, pinyo ilikuwa imeshapita kwetu.

Haya, tupande juu kidogo. Juu wapi? Tuko juu tayari! Lubumbashi iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo inapumua hiyo hiyo. Ukinunua gari la spoti la nguvu za farasi 200, farasi zaidi ya 20 wamebaki Muanda pwani, hawajapanda na wewe. Usimlaumu fundi.

Lakini wajua nini? Hewa hiyo hiyo inayokunyima nguvu inakufungulia njia. Ikiwa nyepesi, inalizuia gari kidogo pia. Na kizuizi cha hewa si mchezo: kuushinda upepo wa mbele kwa kilomita 200 kwa saa kunataka nguvu mara 8 ya ile ya kilomita 100. Mara nane, si mara mbili! Ndipo unapoelewa kwa nini mtu anaweza kutumia mshahara wa mwaka kwenye injini na kuongeza kilomita 15 tu kwenye mwendo wa mwisho.

Mwenye turbo yeye anacheka. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, na zilizo ndogo huzunguka hata zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Gawa kwa 60: ni zaidi ya mizunguko 3,300 kila sekunde, ndani ya kitu unachoweza kukishika kwa mkono mmoja. Wazo hilo ni la zamani kuliko mji wetu: Alfred Büchi wa Uswisi alilipatia hataza mwaka 1905, na Elisabethville ikaanzishwa 1910.

Hapa Lubumbashi maji yanachemka kwa digrii 96, si 100. Mama anayepika maharage anajua, hata kama hajawahi kupima. Rejeta ya gari lako ingekuwa wazi kama sufuria, ingechemka mapema vivyo hivyo. Kinachokuokoa ni kile kifuniko kidogo! Kifuniko cha ba 1.1 huyabana maji yasichemke hadi karibu digrii 120, na springi yake ikichoka unazipoteza digrii hizo zote kimyakimya. Nimeona watu wakibadilisha rejeta nzima, na pampu, na feni, kwa sababu ya kifuniko.

Sasa breki, au freni kama tunavyosema huku. Kisia hili. Gari la kilo 1,200 linakuja kilomita 160 kwa saa, unakanyaga hadi linasimama. Joto lililozaliwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji baridi: maji ya bukari ya familia nzima, kwa mkanyago mmoja! Lingekuwa linakuja kilomita 80 tu, ungepata maji ya chai ya watu wanne, maana mwendo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Na uwanjani unakanyaga hivyo mara kadhaa katika kila mzunguko.

Joto hilo linaenda wapi? Kwenye diski, kwenye pedi, halafu linapenya taratibu hadi kwenye oili ya breki. Hapo ndipo pana hadithi tamu kuliko zote za garajini, na wengi hawaijui. Oili ya breki inakunywa maji! Inayavuta kutoka hewani kupitia mipira na vifuniko, na msimu wetu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ndio sherehe yake.

Oili mpya ya DOT 4 hairuhusiwi kuchemka chini ya digrii 230. Ikishanywa maji ya asilimia 3.7 tu, kipimo kinashuka hadi 155. Digrii 75 zimepotea kwa tone! Na ikichemka, inatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka kama sifongo: mguu unakwenda hadi chini na gari linaendelea na safari zake. Kabla hujaniuliza bei ya turbo, niambie oili yako ya breki ina umri gani. Chupa yake ni rahisi kuliko kioo kimoja cha pembeni.

Pedi za mashindano ni viumbe vya ajabu. Zikiwa baridi zinapiga kelele kama nguruwe na hazishiki vizuri. Zikifika kwenye joto ambalo pedi ya barabarani inaanza kunuka na kuteleza, zenyewe ndipo zinapoamka. Diski za kaboni za Formula 1 hufika hata digrii 1,000, zinang'aa rangi ya chungwa mchana kweupe.

Je, wajua kwamba kila ukifunga breki unaweza kuwa unamwaga mukuba barabarani? Shaba, mukuba wa wazee wetu, ilitiwa kwenye pedi kwa miaka mingi kwa sababu inabeba joto vizuri. Vumbi lake likashuka mitoni, samaki wakaumia, na mwaka 2010 jimbo la California likapitisha sheria: kuanzia 2025, pedi mpya isizidi nusu ya asilimia moja ya shaba. Unaona? Sheria ya samaki wa Marekani inaigusa Katanga.

Gari la kawaida la petroli lina kilo 20 hivi za shaba ndani yake, kwenye nyaya, kwenye mota, hadi kwenye moyo wa plagi. La umeme linaweza kuwa na mara tatu au nne ya hizo. Wazee waliosubu misalaba ya shaba ya Katanga na kuitumia kama fedha, karne nyingi kabla ya gari la kwanza, wangelitazama gari la umeme wakaona kibubu chenye magurudumu.

Na ile washa ya shaba chini ya nati ya kumwagia oili? Ukishaikaza mara moja inakuwa ngumu na inavuja. Iweke motoni hadi ianze kuwa nyekundu, itumbukize kwenye maji: inalainika tena kama mpya! Chuma chenye kaboni nyingi ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba inafanya kinyume. Mafundi wa mji wa shaba wanaijua siri hii, na ni mojawapo ya mambo machache ya gari ambayo hayana gharama.

Tuje kwenye kobalti, jirani ya shaba. Valvu ya kutolea moshi hukaa ndani ya moto, na injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika inafunguka na kufunga mara 75 kila sekunde. Ili uso wake usiliwe, hupakwa madini yaitwayo stelaiti, mchanganyiko wa kobalti na kromi. Aliyeupatia hataza mwaka 1907 ni Mmarekani Elwood Haynes. Na huyo Haynes alikuwa nani? Mtu aliyeendesha gari la petroli alilolibuni mwenyewe, mwaka 1894!

Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Na kile kilima cheusi cha hapa mjini, karibu na bomba refu la moshi la kiwanda, tunachokiona kila siku kama takataka za wazee? Ndani yake mlikuwa na kobalti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, takataka hizo zimekuwa zikirudishwa kwenye tanuri ili itolewe. Siku nyingine ukisikia gari la spoti likipiga kelele usiku, jiambie huenda sauti ile inapita mlango wa Lubumbashi.

Umeitaja Honda S2000, nimekusikia. Gari la mwaka 1999, injini ya lita 2, bila turbo, mizunguko inakaribia 9,000. Kwa kasi hiyo pistoni inasimama kabisa mara 300 kila sekunde, kwa sababu lazima igeuke juu na igeuke chini, na bado wastani wa mwendo wake ni kilomita 90 kwa saa. Inakimbia kama basi la Likasi huku ikisimama mara 300 kwa sekunde!

Oili ya injini inaponza wengi uwanjani. Gari likikata kona kwa nguvu sawa na uzito wake, oili kwenye bakuli la chini inalala kwa digrii 45. Pampu inavuta hewa, beringi zinakauka, na nafasi ya oili pale ni nyembamba kuliko unywele wako. Barabarani hutafika huko hata siku moja. Uwanjani, kwa pinyo nzuri, unafika kwenye kona ya kwanza. Ndiyo sababu bakuli lenye vyumba na milango midogo ndani ni la kutafutwa kabla ya bomba la moshi la kelele. Lakini bomba linasikika na bakuli halionekani, kwa hiyo unajua watu wananunua kipi.

Unataka farasi 13 wa bure? Chukua gari la kilo 1,200 lenye farasi 150. Toa kiti cha nyuma, pinyo ya akiba, jeki, zulia na spika zako zile kubwa, hadi umepunguza kilo 100. Kwa kuondoka, ni sawa na kuongezewa farasi 13, na juu yake breki zinapumua, pinyo zinaishi siku nyingi, kona zinafurahi. Mazda walilielewa hili mwaka 1989 walipotoa MX-5 yao ya kilo chini ya 1,000. Kufikia 2016 walikuwa wametengeneza milioni 1, na hakuna gari la spoti la viti viwili lililouzwa zaidi yake!

Je, wajua kwamba mshindi wa Safari Rally ya mwaka 1965 alishinda kwa gari la mkono wa pili? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi makanika kwa kazi, alichukua Volvo PV544 iliyokuwa imeshachoshwa na mwenzake mwaka uliotangulia. Akalitengeneza, akaanza nambari 1, akamaliza wa kwanza, kaka na mdogo wakiwa garini pamoja. Akashinda tena 1974 na 1976. Wakenya wakampa jina: Simba.

Na PV544 ina sifa nyingine. Gari la kwanza duniani kukabidhiwa mteja likiwa na mkanda wa pointi tatu, huu tunaojifunga leo, lilikuwa PV544, Agosti 1959. Aliyeubuni, Nils Bohlin, alikuwa akitengeneza viti vya kurusha marubani nje ya ndege. Alipochoka kuwarusha watu, akaanza kuwafunga!

Safari ilikuwa na ukatili wake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mwaka 1968 mvua ikanyesha, yakarudi 7 tena. Mshindi wa miaka yote miwili? Mtu yule yule, Nick Nowicki, na gari la aina ile ile, Peugeot 404, ambalo babu yako pengine alipandia harusini.

Mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimaliza na Datsun 240Z akiwa amelingana pointi kwa pointi na Harry Källström, baada ya maelfu ya kilomita! Ilibidi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata kosa la kwanza. Alikuwa Mehta. Hakutosheka: akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982.

Porsche walikuja Kenya mwaka 1978 na gari lao la spoti la 911, lile la kulala chini. Wakaliinua hadi sentimita 28 kutoka ardhini, likawa kama mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Vic Preston Mdogo wa Kenya alimaliza nalo nafasi ya pili. Sisi wenye barabara ya kwenda Kasenga tungewaambia mapema: kushusha gari ni kwa uwanjani, njiani inueni.

Kusini kwetu kuna Kyalami, karibu na Johannesburg. Mwaka 1967, John Love, fundi wa kuendesha kutoka Bulawayo, aliongoza Grand Prix ya Afrika Kusini kwa gari kuukuu la Cooper, akiwaacha nyuma mabingwa wa dunia. Ikiwa imebaki mizunguko 7, akaingia kuongeza petroli. Akamaliza wa pili. Petroli kidogo tu, yaya, na leo shule zote za Bulawayo zingebeba jina lake!

Na Olivier Gendebien unamjua? Mbelgiji aliyeshinda saa 24 za Le Mans mara 4 na Ferrari: 1958, 1960, 1961 na 1962. Kabla ya yote hayo, baada ya Vita vya Pili, aliishi miaka kadhaa Kongo. Barabara zetu za matope zimefundisha wengi bila kutoa diploma.

Le Mans hiyo, rekodi ni ya Audi mwaka 2010: kilomita 5,410 kwa saa 24. Kwa mstari wa ndege, ni kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, kurudi, kwenda tena, na bado unabakiwa na karibu nusu ya safari. Leo ukipanda lori kwenda Kinshasa, hao jamaa wangekuwa wamemaliza kabla hujapata mahali pa kukaa.

Wewe na mimi je, tunaruhusiwa uwanjani? Ujerumani kuna Nürburgring, mzunguko wa kilomita 20.8 wenye kona 73, uliofunguliwa 1927. Siku nyingi mtu yeyote mwenye leseni na gari zima analipa getini na kuingia, hata na gari la kubebea watoto shule. Ni kama theluthi mbili ya safari ya Kipushi, bila mbuzi barabarani.

Utani wa usukani sasa. Magari mengi ya Japani yanayotufikia kutoka bandari ya Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000, yana usukani kulia, na Kasumbalesa yanavuka kutoka nchi ya kushoto kuingia nchi ya kulia. Tunalalamika: kupita lori huoni mbele. Lakini viwanja vingi vya mbio huzunguka kama saa, kona nyingi ni za kulia, na dereva wa kulia hukaa upande wa ndani wa kona, anaiona vizuri na uzito wake unasaidia. Magari mengi ya Le Mans yalitengenezwa hivyo kwa makusudi. Gari lako linalokusumbua njiani ni la kiwanjani tangu kuzaliwa!

Kwado wa mtaani kwetu, nampenda, anabadilisha pinyo moja huku akisimulia mechi ya Jumapili, na inachukua muda wa mechi. Oktoba 2023, Qatar, vijana wa McLaren walibadilisha pinyo zote 4 za Lando Norris kwa sekunde 1.80. Umesoma sentensi hiyo kwa muda mrefu zaidi.

La mwisho kabla hujanywa soda yako. Umetoka uwanjani, diski zimewaka, umeegesha kwa fahari, unataka kuvuta breki ya mkono. Usivute! Pedi za moto zikibanwa mahali pamoja zinaacha alama kwenye diski, na kuanzia hapo kila ukikanyaga usukani unatetemeka. Unazunguka mzunguko mmoja polepole ili hewa ipite, unazima, unaacha kwenye gia, halafu unafanya kile ambacho dereva yeyote wa teksi kuukuu hapa Lubumbashi anakijua tangu zamani: unaokota jiwe na kuliweka nyuma ya pinyo.